Bundi yuko kwenye friza: barua ya wazi kuhusu dawa ya panya Nakuru

Kwa wakubwa wa kaunti na wa jiji la Nakuru, kwa wasimamizi wa viuatilifu nchini, na kwa walinzi wa wanyamapori.

Salamu kwenu nyote, na poleni na kazi.

Mimi ni mwuza nafaka. Mahindi, maharagwe, njahi, ndengu, kwa gunia na kwa gorogoro. Nimeuza hapa Nakuru tangu mji ukiwa manispaa hadi ukapandishwa kuwa jiji Desemba 2021. Soko langu sitalitaja, maana ninayoyasema si ya soko moja. Stoo yangu iko nyumbani, upande wa chini wa mji unaoshuka kwenda ziwani, na nikipanda kwenye tangi la maji naona ua wa umeme wa hifadhi na, siku za anga safi, nyati wakila nyasi ng'ambo.

Nawaandikia juu ya dawa ya panya.

Nianze kwa kukiri, asije mtu akaniambia kwamba nasema hivi kwa kuwa sijui hasara ya panya. Naijua kwa hesabu. Panya mkubwa hula gramu 20 hadi 30 kwa siku. Shika 25. Kwa mwaka mzima hiyo ni kama kilo tisa, kwa hiyo panya kumi wakiishi kwako wamekula gunia la kilo 90 na hawakukulipa hata shilingi. Sijahesabu bado wanayoyakojolea, wala magunia wanayoyatoboa, wala mteja anayepekua mahindi kwa kidole, akaona kinyesi, akaondoka bila kukuaga. Mwenye stoo akisema anawachukia panya, msimwone katili.

Basi kwa miaka kumi na mitatu niliwawekea sumu. Niliinunua kwa yule kijana wa mkokoteni mnayemjua nyote, kwa sababu hakuna mtaa asiopita. Spika yake inaanza saa tatu asubuhi: dawa ya panya, ya mende, ya kunguni, ya viroboto! Halafu inakuja ile sehemu ambayo ndiyo iliyoniuzia: panya akila hafii ndani, anaenda kufia nje, na akifa hanuki, anakauka. Vipakiti vidogo vya nailoni, punje za buluu au za waridi, bei ya andazi na chai. Havina jina la mtengenezaji, havina tarehe, havina maelezo. Ukimuuliza kijana ni sumu gani, anakuambia ni kali.

Anaenda kufia nje. Nilifurahia maneno hayo miaka yote hiyo, na sikuwahi kujiuliza huko nje ni kwa nani.

Asubuhi moja ya mvua ndefu za 2022 nilikuta bundi ameketi chini ya mjakaranda nyuma ya stoo. Ni wale weupe wa uso kama moyo, wanaolala kwenye madari na kwenye magodauni. Saa nne za mchana, jua limetoka, na yeye yuko chini, mabawa ameyatandaza kama mtu aliyechoka kushika mizigo miwili. Nilimkaribia, hakuruka. Puani alikuwa na damu.

Mnajua majirani wanavyomwona bundi. Wa Kikuyu walisema ndundu, wakatema mate. Mwingine, wa kutoka kwetu magharibi, alisema huyo hakuja bure, ametumwa, na akaenda kutafuta mafuta ya taa. Nikamfunika kwa katoni ya mafuta ya kupikia na kukalia kiti mlangoni mpaka watu wakaondoka. Alikufa kabla ya adhuhuri. Watoto waliuliza sasa nani atakufa nyumbani. Nikawaambia aliyekuwa wa kufa ameshakufa.

Jioni alipita daktari wa mifugo anayetibu mbuzi wa shemeji yangu. Alimpasua juu ya gazeti. Kwa nje hakuwa na jeraha la jiwe, la manati wala la gari. Ndani kifua kilikuwa kimejaa damu nyepesi iliyokataa kuganda, na nyama imevilia damu huku na huku. Tumboni mlikuwa na panya mzima, maana bundi hatafuni, humeza, kisha hutapika donge la manyoya na mifupa. Daktari akampasua na panya pia. Ndani yake mlikuwa na uji mzito wa buluu.

Buluu ile niliijua. Nilikuwa na pakiti tatu zake kwenye droo ya pesa.

Kusema kweli, hakuna maabara iliyompima bundi yule. Sina cheti cha kuwaonyesha. Nina nilichokiona kwa macho yangu, na maneno ya daktari mmoja wa mbuzi. Nitarudi kwenye suala hilo la cheti, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Daktari alinieleza jinsi sumu ile inavyofanya kazi, na nikamwelewa upesi kwa sababu ya vidonge vya mama yangu. Mama aliwahi kupata damu iliyoganda mguuni. Anameza warfarini, na kila mara huenda kliniki kupimwa damu yake inachukua muda gani kuganda, ikizidi wampunguzie, ikipungua wamwongezee. Tena walimwonya asibadilishe ghafla kiasi cha sukuma wiki, managu na kunde anachokula, kwa kuwa mboga hizo zina vitamini K, nayo hushindana na dawa. Ini linahitaji vitamini K ili litengeneze vitu vya kugandisha damu. Warfarini huzuia ini lisiitumie tena vitamini hiyo. Kwa mama, kipimo ni cha mizani. Kwa panya hakuna mizani, kwa hiyo damu yake hukosa kabisa kuganda, na mishipa midogo inayopasuka kila siku ndani ya kiumbe yeyote bila yeye kujua haizibiki. Anavuja kwa ndani mpaka anakwisha.

Warfarini yenyewe ilianza kuuzwa Marekani kama sumu ya panya mwaka 1948, ikaja kukubaliwa kwa matibabu ya watu mwaka 1954. Mama sijamwambia habari hii. Kwa kuwa yeye si msomaji wa mambo ya simu, naomba na ninyi msimwambie.

Sasa, panya ni wajanja. Mwaka 1958, huko Uskoti, walionekana panya ambao warfarini haiwatishi. Wataalamu wakatengeneza ndugu zake wakali zaidi, na kuanzia miaka ya 1970 tukawa na brodifakumu, bromadioloni na wenzao. Hawa hawahitaji panya arudi mara nyingi kwenye chambo. Mlo mmoja waweza kutosha. Lakini hafi siku hiyo. Huchukua siku tatu, nne, hata wiki. Na huo ndio ujanja wenyewe wa sumu hii, kwa sababu panya akiona mwenzake amekula akafa papo hapo, wengine hawagusi tena. Basi katika zile siku anazosubiri kufa, anaendelea kula. Akifika siku ya mwisho amebeba ndani yake sumu ya kuua panya wengi, na bado anatembea.

Anatembea vibaya lakini. Amelegea, anayumba, anatoka mchana kweupe, hakimbii kivuli cha ndege. Kwa mnyama anayewinda, panya wa namna hiyo ni kama sahani iliyoandaliwa mezani. Na sumu hizi kali haziishii kwa panya: hukaa kwenye ini la aliyemla, na brodifakumu hukaa humo miezi. Panya wa Jumanne anajumlishwa na wa Alhamisi, na wa wiki ijayo, mpaka siku moja bundi anagonga tawi kidogo tu, mahali ambapo angekwaruzika akasahau, na damu inakataa kusimama.

Bundi mmoja wa aina ile humeza panya wadogo watatu au wanne usiku mmoja. Watatu mara siku 365 ni zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Haombi mshahara, hatoboi magunia, wala hakojolei maharagwe. Mimi nilikuwa na mfanyakazi wa usiku kwenye dari yangu, bila kumjua, na nilimuua kwa pesa zangu mwenyewe.

Wengine ni hawa. Kanu, yule mwenye madoa na mkia wa pete, anayepita juu ya mabati usiku mkadhani ni paka. Nguchiro wanaovuka barabara kwa foleni kama watoto wa nasari. Mwewe wanaozunguka juu ya dampo la Gioto, na kongoti wanaosimama pale kama mawakili wazee. Nyoka wa vichakani, ambaye sitawaomba mumpende. Mbwa na paka wetu nao wamo, na kuku, maana kuku akikuta panya mdogo amelala hoi hamwachi. Hifadhi ya Ziwa Nakuru ina kilomita 188 za mraba na ua wa umeme, na ua ule naamini unazuia nyati. Haukujengwa kumzuia panya. Mitaa imesogea hadi kwenye waya. Panya anakula buluu upande huu na kufia upande ule.

Mwaka jana nilisoma habari za bundi mmoja wa New York, aliyeitwa Flaco. Mtu alikata wavu wa kizimba chake kwenye bustani ya wanyama mnamo Februari 2023, akatoroka, akaishi mjini mwaka mzima akila panya wa jiji, watu wakimpiga picha. Februari 2024 alikutwa chini karibu na jengo. Walipompima walikuta sumu nne tofauti za panya mwilini, pamoja na ugonjwa mkali aliopata kwa kula njiwa. Nne! Jimbo la California lilikuwa limeshapitisha sheria mwaka 2020 ya kuzuia matumizi mengi ya sumu hizi kali, na mkoa wa British Columbia, Kanada, ukafanya hivyo kwa kudumu Januari 2023. Sitaji hayo ili tuige kila kitu cha Wazungu. Nataja kwa sababu jambo lililonivutia ni kwamba walijua ni sumu ngapi. Walikuwa na mahali pa kumpeleka.

Gundi nayo. Kile kibao cha gundi kinachouzwa na kijana yuleyule. Nilikitumia wiki mbili. Siku ya kwanza kilinasa panya mmoja, naye alilia usiku kucha. Siku zilizofuata kilinasa mijusi kafiri watano, wale wanaonisaidia kula mbu na mende, na shomoro mmoja aliyefuata punje zilizomwagika, ambaye tulimtoa kwa mafuta ya kupikia lakini manyoya yakabaki kwenye kibao. Nilikitupa. Uingereza, tangu Julai 31, 2024, mtu wa kawaida haruhusiwi kukitega. Hapa ni shilingi chache na huulizwi hata umri.

Kuhusu dawa za kupulizia nitasema kidogo, ingawa sisi wa Nakuru tungepaswa kuzijua kuliko wote. Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa pareto, na kiwanda chake kiko hapahapa mjini. Dawa ya pareto yenyewe huharibika upesi juani. Zinazouzwa leo kwa mende na kunguni, nyingi ni nakala za kiwandani zilizotengenezwa kwa kuiga pareto, zikafanywa ziwe ngumu kuharibika. Kwa mtu na kwa ndege hatari yake si kubwa sana zikitumiwa kwa kipimo, lakini kwa samaki na wadudu wa majini ni kisu. Na sisi tukimaliza kupuliza, mabaki tunayamwaga wapi? Mtaroni. Mitaro ya Nakuru inateremka ziwani, na ziwa hili halina mto unaotoka. Kinachoingia hakipiti kwenda kwingine.

Na wale samaki wadogo wa ziwa letu hawakuwa wenyeji hapa. Waliletwa kutoka Ziwa Magadi miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, ili wale viluwiluwi vya mbu. Ilikuwa ni njia ya kuwaangamiza mbu bila sumu. Samaki wakazaana, wakawavuta mwari, ndege ambao hapo awali hawakuwa na la kufuata hapa, wakawa wanazalia Ziwa Elementaita na kuja kuvua kwetu. Yaani kuna watu waliokaa kwenye viti kama vyenu, wakakabiliwa na wadudu, wakaleta samaki, na leo mtalii analipa kuangalia mwari. Sidai kwamba kila kigeni kikitiwa ziwani kinaleta heri. Sangara, aliyetiwa Ziwa Viktoria akawala samaki wenyeji, yuko shahidi. Nasema tu kwamba kuna namna nyingine ya kufikiri, na ilishafikiriwa hapahapa.

Kwetu ni Busia, karibu na mashamba ya mpunga ya Bunyala. Huko mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu yalikuwa ya makusudi. Watu walichukua karbofurani, dawa ya shamba, wakaitia kwenye konokono, wakawatega korongo wale wenye mdomo unaoacha mwanya katikati, wakawaokota wakiwa wamekufa na kuuza nyama. Nyama ile ililiwa na watu. Dawa hiyohiyo ilitumiwa na wafugaji kuua simba, na kelele za watu juu ya simba ndizo zilizomfanya mtengenezaji aiondoe kwenye maduka ya Kenya mwaka 2009. Kwa hiyo inawezekana. Sumu inaweza kutolewa rafuni. Lakini mkumbuke kilichoharakisha ni simba. Bundi hana mtetezi, kwanza ana uso wa kutisha, pili anahusishwa na matanga.

Nije kwenu sasa.

Kuna wakati mwaka huu, mwezi wa Mei, nilipata bundi wa pili. Safari hii alikuwa ameshakufa, amelala kwenye paa la choo. Sumu yangu niliacha tangu 2022, kwa hiyo hii ni ya jirani, au ya jirani wa jirani, maana bundi hana ploti. Nikasema huyu apimwe. Nikamfunga kwenye mifuko miwili nikampeleka ofisi moja, siitaji. Aliyenipokea aliuliza kama nimekuja kumloga mtu. Walipomaliza kucheka wakaniambia mambo ya sumu si yao, niende kwa wa sumu. Wa sumu, kwa simu, wakasema mnyama wa porini si wao, niende kwa wa wanyama. Wa wanyama wakasema panya wa mjini ni shughuli ya kaunti. Kaunti nilipofika nikaambiwa anayehusika yuko semina. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Sasa nimejua na ofisi ni hivyohivyo.

Nimesoma kidogo, kwa kuwa foleni zilikuwa ndefu. Bodi ya kudhibiti viuatilifu iliundwa kwa sheria ya 1982, Sura ya 346, na sheria hiyo haimruhusu mtu kuuza dawa ya wadudu au panya isiyosajiliwa, wala kuiuzia mahali pasipo na leseni. Mkokoteni wenye spika una leseni ya mahali gani? Katiba, Jedwali la Nne, inawapa kaunti uzoaji wa taka, masoko, na udhibiti na ustawi wa wanyama, yote matatu. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu mazingira safi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamlinda bundi na kanu kama inavyomlinda twiga, hata kama bundi hana picha kwenye kalenda. Sheria zipo, wakubwa zangu. Kila ofisi inashika kipande chake na sumu inapita katikati.

Naomba msiwakamate wale vijana wa mikokoteni. Nimeshaona mambo hayo yanavyokwenda: kijana analala ndani siku mbili, mzigo wake unatekwa, na mzigo uleule unauzwa na mwingine wiki inayofuata. Fuateni anayewapimia kwenye nailoni. Punje za buluu hazioti barabarani. Zinaingia mjini kwa debe au kwa gunia, kwenye stoo yenye kufuli, na mwenye kufuli anajulikana. Kijana mpeni cha kuuza kilichosajiliwa, chenye lebo, na lebo iwe na Kiswahili. Mimi nimesoma hadi kidato cha nne na bado kile Kiingereza cha kwenye makopo, cha herufi kama za chawa, kinanishinda. Atakisomaje mama anayeitega chini ya kitanda cha mtoto?

Zile sumu kali, za mlo mmoja, ziondoeni mikononi mwetu kabisa. Zibaki kwa waliofunzwa na kusajiliwa, na hao nao wazitege ndani ya masanduku yaliyofungwa ambayo panya anaingia na kuku haingii, kisha warudi kila siku kuokota mizoga na kuifukia. Hili la kurudi ndilo gumu. Nimeona soko likitegwa sumu usiku wa Ijumaa, chambo kimemwagwa wazi kando ya mtaro, na Jumatatu mizoga bado iko juani na mwewe wanashuka. Aliyeagiza kazi ile alikuwa na nia njema, nina hakika. Alihesabu panya waliokufa, akaandika ripoti.

Halafu kuna taka, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu sumu yote hii tunainunua kwa ajili ya taka. Panya jike hubeba mimba kama wiki tatu tu na kuzaa sita, nane, hata zaidi. Ukiua kumi na ukawaachia waliobaki lundo la maganda ya ndizi, matumbo ya samaki na ugali wa hoteli, wiki tatu baadaye umerudi ulipokuwa. Kuna pipa kubwa karibu na ninapouzia ambalo likijaa hujaa, kisha watu hulizungushia taka chini, kisha ng'ombe huja, kisha mvua hubeba sehemu yake. Ushuru wa soko tunalipa kila siku, mvua au jua, na risiti ninazo. Mkizoa taka kwa wakati, mtakuwa mmeua panya wengi kuliko sumu yote ya Kenya, na hakuna bundi atakayevuja damu.

Mtaniuliza nami ninafanyaje tangu niache. Niliweka wavu wa chuma kwenye kila tundu la ukuta linalozidi upana wa kidole gumba, na kwa watoto wa panya hata la kidole kidogo. Magunia yako juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na ufagio. Maharagwe yamo kwenye magunia yale ya kuzuia hewa. Ninatega mitego ya kubana, kumi na miwili, chambo ni omena, na anayekufa anakufa papo hapo na ninamfukia mwenyewe. Nina paka pia, ingawa paka naye ana makosa yake. Anaua na ndege wadogo, na wiki iliyopita aliniletea kinyonga. Panya hawajaisha. Mwaka wa kwanza walinila karibu gunia moja na nusu, na mume wangu alinikumbusha kila siku. Mwaka jana haikufika nusu gunia. Fundi wa mbao bado ananidai.

Ningependa pia shule na magodauni yawekewe visanduku vya bundi kutagia, lakini najua nikiliomba hilo leo mtaanza kwa hilo, kwa kuwa linapigika picha vizuri, na la sumu litangoja. Kwa hiyo siliombi.

Ninaloliomba leo ni dogo. Teueni mlango mmoja. Dawati moja hapa Nakuru, na lingine Kisumu kwa ajili ya wa magharibi, ambapo mtu akiokota bundi, mwewe, kanu au nguchiro aliyekufa bila jeraha anaweza kumpeleka, akapokelewa bila kuchekwa, ini likakatwa na kupelekwa maabara, na majibu yakabandikwa ukutani tuyasome. Hivi sasa mtu akisema sumu inaua wanyama, mnamwambia alete ushahidi, na ushahidi hauna pa kupokelewa. Mkishajua ni sumu gani na ni ngapi, mtajua na ni stoo ya nani.

Bundi wangu wa pili yuko kwenye friza ya jirani anayeuza samaki, chini kabisa, ndani ya ndoo yenye kifuniko, mbali na samaki wa watu. Najua sheria hainiruhusu kukaa na mnyama wa porini hata akiwa mfu, na ndiyo maana naandika hadharani, asije mtu akasema nimeficha. Jirani ananivumilia, lakini Alhamisi anapokea mzigo wa tilapia kutoka Kisumu na anaitaka nafasi yake. Namba yangu nimeiacha kwenye kitabu cha wageni cha kila ofisi niliyopita. Nipo nyumbani kila siku baada ya saa kumi na moja jioni.

Wenu mtiifu,
Mwuza nafaka, Nakuru